"Mtoto Anaendesha Tangu Jana": Namna ya Kurekebisha Noti Zilizoandikwa na Mashine

Mama ameketi mbele yako, mtoto wa miezi minane mapajani. Anasema, "Daktari, mtoto anaendesha tangu jana." Umeelewa kabla hajamaliza, na vidole vyako tayari vinavuta ngozi ya tumbo la mtoto kuona kama amepungukiwa maji. Simu iliyo mezani nayo imesikia kila neno. Dakika kumi baadaye unafungua noti iliyoandikwa na akili unde, unakuta Kiingereza safi, vituo vyote mahali pake, kikikuarifu kwamba mtoto huyu amekuwa akiendesha gari tangu jana.

Kosa la namna hiyo si la kukukosesha usingizi. Linachekesha, na linalokuchekesha hulipiti bila kuliona. La kuogopa ni lile linalokaa kimya katikati ya sentensi nzuri: "hatapiki" iliyogeuka "anatapika", miligramu 60 zilizopungua zikawa 6, goti la kushoto lililohamia kulia. Mwongozo huu ni wa tabibu, muuguzi au mwenye kliniki kati ya Kitale na Bungoma aliyeanza kutumia programu inayosikiliza mazungumzo ya chumba cha daktari na kuyageuza noti, na ambaye siku moja amekuta noti haipo, au ipo lakini si ya mgonjwa aliyemwona.

Nani kakosea?

Ndani ya programu hizi mna wafanyakazi watatu, hata kama wewe unaona kitufe kimoja chekundu. Wa kwanza ni msikilizaji, anayegeuza sauti kuwa maneno. Wa pili ni mfupishaji, anayechukua maneno hayo na kuyapanga: malalamiko ya mgonjwa, uchunguzi, ugonjwa, matibabu. Wa tatu ni tarishi, anayebeba kilichoandikwa hadi kwenye faili la mgonjwa. Kila mmoja hukosea kwa namna yake, na dawa ya mmoja haimtibu mwenzake.

Kwa hivyo noti ikikutia shaka, usianze kubonyeza kila kitu. Fungua vitu vitatu kwa mpangilio: noti yenyewe, kisha maandishi ghafi ya mazungumzo, kisha sauti. Maandishi ghafi yakiwa sawa na noti ikawa na kosa, mkosaji ni mfupishaji. Maandishi yakiwa na kosa ilhali sauti inasikika vizuri, msikilizaji hajui lugha ya chumba chako. Sauti yenyewe ikiwa ni vumbi la kelele, basi usiilaumu programu, laumu meza, dirisha na mabati. Na kama hakuna chochote, si noti, si maandishi, si sauti, anza na simu kabla ya kumtafuta tarishi.

Utaratibu huu unawezekana tu kama sauti bado ipo. Hapo ndipo wengi hunaswa, kwa kuwa wamezoea mfumo wenye karatasi ya kurudia. Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot kule Nandi kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta, kazi iliyotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Kutokana na kazi ile ukazaliwa mfumo wa rekodi za wagonjwa wa OpenMRS mwaka 2004, na juu yake ukajengwa KenyaEMR ambao huenda unaufahamu kutoka kliniki ya HIV. Kule Mosoriot mhudumu alijaza fomu ya karatasi, karani akaiingiza kwenye kompyuta. Tarakimu ikitiliwa shaka, mtu alirudi kwenye karatasi. Mashine yako haina karatasi. Sauti ndiyo karatasi.

Oktoba 2024 shirika la habari la AP liliripoti kwamba programu moja ya hospitali, iliyojengwa juu ya Whisper, msikilizaji wa kampuni ya OpenAI, ilikuwa ikifuta sauti ya asili kwa sababu za usalama wa data. Sababu ina maana, lakini daktari anabaki bila pa kurudi. Muulize muuzaji wako leo: sauti hukaa kwa muda gani, na nani anaweza kuurefusha? Ninachopendekeza ni sauti ikae hadi utakapotia sahihi noti, kisha ifutwe. Ikifutwa kabla hujasoma, una ushahidi wa upande mmoja. Ikikaa miaka, unafuga nyoka chumbani.

Noti haionekani

Ijumaa jioni, umewaona wagonjwa ishirini na watatu, noti ni kumi na tisa. Jambo la kwanza ni la kutofanya: usitoke kwenye akaunti, usifute programu ukaisakinishe upya, usisafishe hifadhi ya simu. Mara nyingi sauti ya wale wanne imelala ndani ya simu hiyo hiyo ikingoja mtandao, na mkono wako wenye haraka ndio utakaoizika.

Tazama kwanza orodha ya zinazosubiri kupakiwa. Kama zipo, unganisha simu kwenye mtandao wenye nguvu, iache skrini ikiwa wazi na programu mbele, uende ukanywe chai. Kama hazipo, angalia kama tarehe iliyochaguliwa ni ya leo, kama umeingia kwa akaunti yako na si ya mwenzako wa zamu ya asubuhi, na kama noti haikuingia kwenye faili la mgonjwa aliyetangulia. Hili la mwisho hutokea zaidi ya watu wanavyodhani: mgonjwa anatoka, anaingia mwingine, wewe unaendelea kuzungumza na rekodi ni ile ile. Utapata noti moja ndefu ya mtu mmoja mwenye presha, mimba na jino linalouma. Usiipasue kwa kukisia. Rudi kwenye sauti, tafuta mlango ulipofunguliwa.

Sababu nyingine ni za simu yenyewe. Simu nyingi za bei nafuu zina kiokoa betri kinachoua programu yoyote inayofanya kazi skrini ikizimika. Ingia kwenye mipangilio uiondoe programu yako kwenye orodha ya zinazozimwa. Simu ikipigwa katikati ya mazungumzo, rekodi inaweza kusimama na isiendelee tena. Kama programu yako inaweza kurekodi bila intaneti, weka simu katika hali ya ndege wakati wa kumwona mgonjwa, upakie baadaye. Kama haiwezi, laini ya simu ya kazini iwe ambayo hakuna anayeijua, wala shemeji wala chama. Na angalia nafasi iliyobaki: simu iliyojaa video za harusi haina mahali pa kuweka sauti ya mgonjwa.

Stima ikipotea, kinachozimika kwanza ni kisambaza mtandao cha ukutani, na simu inahamia kwenye bando lako bila kukuambia. Bando likiisha, tarishi anakaa chini. Kila stima inaporudi, hesabu: wagonjwa wangapi, noti ngapi. Hesabu hiyo ifanywe pia saa saba mchana na jioni kabla ya kufunga, ukilinganisha na daftari la wagonjwa wa nje. Kama bado unajaza MOH 204A kwa walio chini ya miaka mitano na 204B kwa wengine, tayari una chombo cha kukagulia, na hakihitaji betri.

Chumba chako kinasikikaje

Kitale mvua za mchana huanza karibu Machi na hazina haraka ya kuondoka. Chini ya mabati bila dari, hata mgonjwa mwenye sauti ya mhubiri hasikiki. Bungoma, kliniki iliyo karibu na makutano ya Kanduyi ina malori ya Malaba. Kelele hizi huziwezi kuzizuia, ila unaweza kuusogeza mdomo wa mgonjwa na maikrofoni vikaribiane. Simu iliyolala kifudifudi mezani, karibu na feni au kompyuta, inasikia feni na kompyuta. Iegemeze, upande wenye maikrofoni ukiangalia watu, kama nusu mita kutoka kwa mgonjwa na mbali kidogo na wewe, kwa sababu wewe ndiye mwenye sauti kubwa. Maikrofoni ya kubana kwenye kola, hata ya bei ya chini, hushinda simu ya bei ghali iliyoachwa kwenye droo. Kisha rekodi sekunde thelathini, usikilize mwenyewe kwa masikio yako. Usichokisikia wewe, mashine itakibuni.

Lugha ya hapa

Hapa ndipo pana kazi, na ndipo vijitabu vya wauzaji hukaa kimya.

Mashine nyingi zimefunzwa Kiingereza cha mbali. Pamekuwa na juhudi za kulirekebisha hilo: mkusanyo wa AfriSpeech-200 wa mwaka 2023, ulioongozwa na watafiti wa Intron ya Nigeria, una saa 200 za Kiingereza cha hospitali na cha kawaida kwa lafudhi 120 kutoka nchi 13 za Afrika. Ni hatua. Lakini chumba chako hakina Kiingereza kitupu. Mgonjwa anaanza kwa Kiswahili, anaingiza Lubukusu, wewe unajibu kwa Kiswahili na kutaja dawa kwa Kiingereza, na muuguzi anachungulia kuuliza kitu kwa lugha ya nne.

Anza na mpangilio wa lugha. Ukichagua Kiingereza, programu italazimisha kila sauti iwe neno la Kiingereza, na "sina homa" itazaa kitu cha ajabu. Chagua Kiswahili au lugha mchanganyiko kama ipo. Kama haipo, ruka hadi chini ninapoeleza muhtasari wa mwisho, ndio utakaokuokoa.

Kisha ujue mahali Kiswahili chenyewe kinapoitega mashine. Kukanusha kwetu hubebwa zaidi na silabi moja mwanzoni mwa neno: nina, sina, anakohoa, hakohoi, ametapika, hajatapika. Programu nyingi hukata ukimya kati ya sentensi, na zikikata vibaya hula silabi ya kwanza. Dawa yake ni ndogo. Mgonjwa akisema "sijatapika", wewe rudia kwa sauti: "Sawa, hakuna kutapika. Hakuna damu kwenye choo. Hakuna homa." Neno "hakuna" lina mwili, haliliki kirahisi kama "si".

Saa ni mtego mwingine. "Meza kimoja saa mbili asubuhi na kimoja saa mbili usiku" kwa Mkenya yeyote haina utata. Mfupishaji anayetafsiri kwa Kiingereza anaweza kuandika saa mbili ya Kizungu, yaani saa nane yetu, na dawa ya baada ya kifungua kinywa ikaandikiwa usiku wa manane. Vivyo hivyo mtoto aliyeanza degedege "saa nane usiku" anaweza kuhamishiwa saa mbili usiku, na historia yake ikaongezewa saa sita zisizokuwapo. Katika noti taja muda wa kati badala ya saa ya ukutani: mara mbili kwa siku, kila baada ya masaa kumi na mawili. Na "kila masaa sita" itamke polepole, isigeuke "saa sita".

Tarakimu: kwa Kiingereza kumi na tano na hamsini hukaribiana mno, jambo ambalo kwa Kiswahili halina shida. Kwetu shida ni sita na sitini, saba na sabini, tisa na tisini, mkia unapomezwa. Kipimo chochote cha dawa kisome mara mbili, ya pili tarakimu moja moja: sitini, sita sufuri.

Halafu kuna maneno ya wagonjwa ambayo ukiyatafsiri neno kwa neno unapata upuuzi. Ana sukari. Ana presha. Nina kifua. Siku zangu zimepita. Haja kubwa inasumbua. "Homa" ambayo kwa mmoja ni joto la mwili na kwa mwingine ni mafua tu. "Nyanya anaumwa" na mashine iliyosoma mapishi inafikiria tunda. Mgonjwa "anatoka Kwanza", akimaanisha Kwanza ya Trans Nzoia, na noti inasema aliondoka wa kwanza. Programu nyingi zina mahali pa kuongeza msamiati wako: ingiza humo Kwanza, Endebess, Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Chwele, Kapsokwony, na majina ya dawa unazoandika kila siku. Kazi ya jioni moja.

Kuhusu lafudhi niseme kwa heshima. Lubukusu na Kisabaot hazitenganishi d na t, wala g na k, kama Kiswahili kinavyofanya. Mzee wa Chwele au wa Kapsokwony anayesema "natoa tamu kwa mkojo" amekuambia jambo zito, na mashine inaandika utamu, pengine mfupishaji akaongeza kisukari kwa akili yake mwenyewe. Goti lake linaweza kuandikwa koti. Usimwambie mzee wa miaka sabini abadilishe ulimi aliozaliwa nao kwa ajili ya simu. Rudia wewe: "Mzee, unakojoa damu? Damu nyekundu?" Atajibu ndiyo, na sasa sauti ina neno lako na jibu lake.

Majina nayo. Kwa Wabukusu, herufi moja hutenganisha mwanamume na mwanamke: Wafula na Nafula, Wekesa na Nekesa, Wanjala na Nanjala. Kwenye foleni ya siku moja unaweza kuwa nao wote, maana majira ya mvua na ya mavuno hayambagui mtoto. Usiruhusu mashine itambue mgonjwa kwa jina ililosikia. Mchague kwanza kwenye orodha kwa nambari yake ndipo ubonyeze kurekodi. Na kwa kuwa "a-" yetu haisemi kama ni mume au mke, mfupishaji anayetafsiri hubahatisha, na unaweza kumkuta mwanamume mwenye ujauzito wa miezi mitatu. Ukiona jinsia imegeuka mahali pamoja, soma noti nzima upya. Huenda amechanganya watu wawili.

Hilo huja sana anapokuwapo mkalimani. Kitale hufika watu wa Turkana na Pokot Magharibi, nyanya akiletwa na mjukuu anayemsemea. Mjukuu anasema "ameumwa wiki mbili", kisha "mimi pia nimekuwa na kikohozi", na noti inampa nyanya kikohozi. Mwanzoni tamka kwa sauti: "Mgonjwa ni nyanya, anayemsemea ni mjukuu wake." Vivyo hivyo ukiwa na mazoea ya kumwita kila mgonjwa wa kike "mama", jua kwamba mfupishaji anaweza kuandika kuwa maumivu ni ya mama wa mgonjwa.

Dakika moja ya mwisho

Kama utachukua jambo moja tu hapa, chukua hili. Mgonjwa akiwa bado ameketi, sema: "Mama, nisikilize nikieleza, unirekebishe nikikosea." Kisha toa muhtasari kwa lugha moja, sentensi fupi: nani, anaumwa nini, tangu lini, hakuna nini, umekuta nini, unafanya nini, arudi lini. Ni chini ya dakika moja. Mashine inapata maneno yaliyopangwa kwa sauti iliyo karibu, na mgonjwa anapata nafasi ya kusema "la, si mguu huu, ni ule." Ni ukaguzi unaofanywa na mtu pekee anayejua ukweli.

Majina ya dawa, hata hivyo, nisingeyaachia sauti. Metformin na metronidazole zinakaribiana masikioni. Moja ni ya kisukari, nyingine ya bakteria na vimelea. Carbamazepine ya kifafa na carbimazole ya tezi ya shingo zimeshachanganywa hata na binadamu waliosomea kazi hiyo. Chagua dawa kwenye orodha kwa kidole.

Yasiyosemwa na mtu

Kuna kosa ambalo karani wa Mosoriot asingelifanya: kuandika jambo ambalo hakuna aliyelisema. Watafiti wa Marekani waliochunguza Whisper walichapisha mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 1 ya vipande vya sauti walivyopima vilizaa sentensi au vifungu vya kubuni, na karibu asilimia 40 ya ubunifu huo ungeweza kudhuru. Vilitokea zaidi kwa wasemaji wenye kusita sana, watu wenye matatizo ya usemi. Ukimya unapokuwa mrefu, mashine hujaza. Wakati mwingine huandika shukrani kwa watazamaji, kana kwamba chumba chako ni kipindi cha video.

Sasa fikiria unavyompima mgonjwa. Unasikiliza kifua nusu dakika, kimya. Unabonyeza tumbo, anakunja uso, anasema "hapo." Mashine haioni uso wala "hapo". Ama itaacha pengo, ama, ikiwa kiolezo chako kimewekwa kujaza kawaida, itaandika moyo sawa, mapafu sawa, tumbo laini, hata kama hukumgusa. Zima ujazaji huo leo. Kisha jizoeze kusema unachokuta: "Anaumia chini ya mbavu upande wa kulia. Mapafu yanapitisha hewa pande zote." Wagonjwa huwa wanapenda kusikia. Ukihitaji kimya kirefu, simamisha rekodi kwa muda, na uweke alama yoyote mezani ya kukukumbusha kuiwasha; mimi ningeweka kofia ya kalamu.

Ukikuta kisichosemwa, usibonyeze "andika upya" ukitumaini bahati. Mfupishaji atatoa noti tofauti, pengine ile ya uongo ikiwa imeondoka na nyingine ikiwa imeingia, na sasa una matoleo mawili ya kukagua. Futa sentensi kwa mkono, au chukua maandishi ghafi uyasahihishe hapo kwanza.

Kosa hili linazidi uzito pale noti inaposomwa na mashine nyingine. Julai 2025 Penda Health ya Nairobi, pamoja na OpenAI, ilitoa matokeo ya msaidizi wa kidijitali aliyekuwa akisoma rekodi za matabibu na kuwaonya, katika ziara 39,849 kwenye kliniki 15. Waliokuwa naye walipunguza makosa ya utambuzi kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13, wakilinganishwa na wasiokuwa naye. Ni habari njema, ila mshauri wa aina hiyo anajua yaliyoandikwa tu. Mpe "anatapika" badala ya "hatapiki", naye atakushauri kwa umakini mkubwa kuhusu mgonjwa ambaye hayupo.

Kusahihisha noti iliyokwisha tiwa sahihi

Kwenye karatasi ulifunzwa kupiga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke chini yake, kisha jina, tarehe na saa. Kwenye kompyuta ni vilevile: usifute, ongeza masahihisho yenye tarehe, useme nini kilikuwa kosa na umekijuaje, kwa sauti, kwa mgonjwa au kwa kumbukumbu. Kumbukumbu uiandike kuwa ni kumbukumbu. Kama kosa linagusa dawa iliyokwisha tolewa, simu kwa mgonjwa inatangulia masahihisho.

Mtihani wa nyumbani

Andika sentensi ishirini za chumba chako. Kwa mfano: "Mtoto haharishi lakini anatapika." "Nekesa ana presha, hana sukari." "Goti la kushoto limevimba, la kulia halina shida." "Meza kimoja saa mbili asubuhi na kimoja saa mbili usiku." "Nyanya kutoka Kwanza amekohoa wiki tatu." Wape watu watatu wazisome, mmoja wao awe mwenye lafudhi nzito kuliko wote, mara moja chumba kikiwa kimya na mara moja mvua ikinyesha. Hesabu sentensi ambazo maana imegeuka, usihesabu herufi. Weka karatasi hiyo, urudie kila programu inaposasishwa, kwa sababu toleo jipya linaweza kuponya saa na kuharibu majina. Hakuna mgonjwa halisi ndani yake, kwa hivyo hata sauti yake unaweza kumtumia muuzaji.

Na ndivyo unavyopaswa kumripotia: tarehe na saa ya rekodi, aina ya simu, toleo la programu, mtandao uliotumika, ulichosema, kilichoandikwa. Usitume sauti ya mgonjwa kwa WhatsApp, hata kama kijana wa huduma kwa wateja ameiomba kwa upole. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019 habari za afya ni data nyeti, mgonjwa ana haki ya kutaka taarifa ya uongo isahihishwe, na data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Uliza pia sauti inahifadhiwa nchi gani. Kabla ya kuwasha, mwambie mgonjwa: "Simu hii inaniandikia tunayoongea, ili nikuangalie wewe badala ya karatasi. Ukitaka niizime, nitaizima." Wapo watakaosema zima, hasa jambo likiwa la nyumbani, la kupigwa, au la HIV. Izime mbele ya macho yao.

Siku hiyo, na siku ambayo mabati yananguruma na mtandao umekwenda, andika kwa kalamu. Utakapoingiza kwenye kompyuta kesho yake, weka saa mbili tofauti: saa uliyomwona mgonjwa, na saa uliyoandika.